Miezi minane na cherehani ya kompyuta, na maswali ambayo Elias Howe angeniuliza

Nilishonea cherehani ya kukanyaga kwa miaka 12 kabla ya kununua hii ya umeme yenye skrini ndogo, ambayo sasa ina miezi 8 mezani kwangu ikishona sare za shule na magauni ya vitenge. Siku ya kwanza nilipofungua kifuniko cha bobini ili nitoe vumbi la nyuzi, nilikuta humo ndani kazi ileile ambayo mvumbuzi Elias Howe alipewa hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) nchini Marekani mwaka 1846: sindano yenye tundu karibu na ncha inazamisha uzi wa juu, inaacha kitanzi chini ya kitambaa, na uzi wa pili unapita katika kitanzi hicho na kukazwa.

Naamini Howe angelizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akikitazama kitanzi hicho, na angeitambua mashine yake, ingawa yeye alitumia kipande cha kwenda na kurudi kilichobeba uzi wa chini na hapa pana ndoana inayozunguka. Ambapo angesimama kwa muda mrefu ni kwenye kitambaa. Katika mashine yake kitambaa kilining'inia wima kwenye pini za bamba la chuma, na bamba lilipofika mwisho ilibidi mshonaji asimame akipange upya. Hapa meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani yanakivuta yenyewe, hata nikishona pindo la gauni lote bila kupumzika. Isaac Singer, aliyeleta mwaka 1851 sindano iliyonyooka ya kupanda na kushuka juu ya meza bapa, angeiona kama ya nyumbani kwake.

Kwa kazi, kilichonilipa fedha yangu ni matundu ya vifungo. Naweka kifungo kwenye mguu wake maalumu, mashine inapima yenyewe, na shati la vifungo 7 ambalo kwa mkono lilinila karibu nusu saa linakwisha chai ikiwa bado moto. Zigizaga ni safi pia. Kwenye kiuno cha kaptula za kaki, pale kitambaa kinapokunjwa mara nne, inaruka mishono nisipoweka sindano nene, namba 16.

Mwezi wa tano umeme ulicheza na kuunguza saketi. Muuzaji aliniambia saketi hiyo haitengenezwi, ninunue saketi nyingine nzima, nikaingoja wiki 3 huku sare za watoto nikizimalizia kwenye ile ya kukanyaga. Howe alikulia kikazi katika karakana za mashine huko Massachusetts, na nadhani hapa ndipo angehuzunika kwa dhati: angeomba bisibisi, afungue, na kukuta kipande kilichokufa ambacho hakina hata sehemu moja inayosogea ya kumwonyesha kosa liko wapi.

Anayeshona mashati mengi ainunue, pamoja na stabilaiza siku hiyohiyo. Ile ya kukanyaga asiiuze. Yangu nimeitia mafuta jana.