Mawe au chuma: Landwasser na Maporomoko ya Victoria

Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 ilitoka kusini, ikivuka mto Zambezi kwa daraja la chuma la Maporomoko ya Victoria lililofunguliwa mwaka 1905. Sisi tuliokulia karibu na njia hiyo tumezoea chuma. Hata hivyo, daraja la mawe la Landwasser nchini Uswisi, lililokamilika mwaka 1902, ndilo linalonivuta zaidi.

Lina matao 6, kila moja likiwa na upana wa mita 20, na linasimama mita 65 juu ya mto huku likipinda kwa nusu kipenyo cha mita 100 tu, hadi treni inapozama moja kwa moja ndani ya mwamba. Kila jiwe la tao linakandamizwa na jirani yake, kwa hiyo uzito wa treni, badala ya kulibomoa tao, unalibana. Adui wake ni maji: yakipenya kwenye viungo na kuganda, hupasua chokaa kidogo kidogo.

Chuma kinadai kupakwa rangi mara kwa mara, lakini kwenye korongo la Zambezi hapakuwa na mahali pa kusimamisha nguzo katikati. Tao moja la mita 156 lilijengwa kutoka kingo zote mbili, na inasimuliwa kwamba vyuma vilivyotanuka kwa jua vilikataa kuingiana, hadi baridi ya usiku ilipovipunguza.

Kwa Zambezi, nami ningechagua chuma.