Partagás Shorts: biri fupi yenye nguvu

Usidanganywe na urefu wake. Partagás Shorts ni biri ya Kuba yenye milimita 110 tu, lakini ni kali tangu pafu la kwanza: pilipili manga, udongo, mbao, kisha kahawa iliyokaangwa sana. Usiivute kabla ya kula. Tumbo likiwa tupu, nikotini yake huleta kizunguzungu na jasho baridi. Ikikuzidi, iweke chini, ukae, ulambe sukari.

Kata milimita 2 tu za kichwa, yaani upande wa mdomoni; ukizidisha, jani la nje hufunguka. Vuta kwanza bila moto. Ikibana, ikande taratibu kwa vidole. Kisha pasha ncha ya pili ukiizungusha juu ya mwali, bila kuugusa, hadi ukingo wote uive sawasawa. Wengi huiharibu baada ya hapo: biri nyembamba hupata moto upesi, kwa hiyo pafu moja kwa dakika latosha. Ukiharakisha, theluthi ya mwisho inakuwa chungu kama shubiri.

Kinywaji? Kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo ina uchachu unaogombana na ile pilipili. Iliyokaangwa sana, pamoja na kijiko cha sukari, hupatana nayo vizuri mno. Ramu nyeusi bila barafu ni bora zaidi. Soda ya tangawizi iache. Ni ukali juu ya ukali.

Januari na Februari, Nairobi inapokauka, ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, na pakiti ya kudhibiti unyevu wa hewa, ya asilimia 65. Ukiwa baani, vuta kwenye eneo lililotengwa tu, kama sheria ya tumbaku ya 2007 inavyotaka.