Meza ya vitabu vya mtumba Mwanga, Kigoma: nyota nne

Jamani kama upo Kigoma na unapenda vitabu vya zamani pita Mwanga, kuna jamaa anapanga vya mtumba mezani, vya shule, vya dini, kamusi, bei kuanzia buku. Kilichonifanya niandike ni kwamba jamaa hachani ule ukurasa wa mbele wenye jina la mwenye kitabu, wengine wanauchana ili kionekane kipya.

Kwangu mimi hilo ndo kubwa. Babu alikuwa mwalimu, alipofariki vitabu vyake vikatawanyika, vingine kwa ndugu, vingine vikauzwa kwa kilo vikaishia kufungia karanga. Alikuwa anasaini juu kulia kwa wino wa kijani na mwaka. Mwezi uliopita nafungua kamusi pale mezani, pembeni imeliwa na mchwa, nakuta wino wa kijani, 1974. Nilikaa chini hapo hapo.

Tangu siku hiyo nasoma sana habari za John Dee, msomi wa Uingereza enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nyumbani kwake Mortlake alikuwa na vitabu vya kuchapwa kama 3,000 na miswada ya kuandikwa kwa mkono kama 1,000. Mwaka 1583 kabla ya kusafiri akaviorodhesha, alivyoondoka tu watu wakavibeba. Vingi vikaangukia kwa Nicholas Saunder, huyu akafuta jina la Dee akaandika la kwake, ila wino wa zamani bado unaonekana chini. Halafu Dee alikuwa anachora pembeni mwa kurasa, kwenye kitabu kimoja cha Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, kachora meli nzima na matanga yake! Leo zaidi ya 100 viko Chuo cha Madaktari London, vimejulikana kwa alama kama hizo na ile orodha.

Babu hakuacha orodha, kwa hiyo mimi, mama na shangazi tunaiandika kwa kukumbuka, tumefika 41. Nakala nimempa jamaa na sasa kila anayemletea mzigo anamuuliza kautoa wapi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu stika ya bei anaibandika juu ya jina kabisa. Kaka yangu, bandika nyuma tafadhali. Na mvua ikija turubai halitoshi.

Jana kanitumia picha WhatsApp, kitabu kimetoka Kasulu, kona ya juu kulia kuna kijani. Kesho asubuhi niko pale.