Arusha–Babati–Kondoa–Dodoma kwa barabara: uzoefu wangu

Anayetoka Arusha kwenda Dodoma achukue njia hii, asizunguke. Naipa nyota 4 kati ya 5 kwa gari dogo, na 3 kwa lori lenye mzigo. Ni takriban kilomita 420, lami mwanzo mwisho. Kabla ya kipande cha Babati–Dodoma kukamilika, mabasi mengi yalipitia Singida, au yalishuka hadi Segera na Chalinze ndipo yapande tena kupitia Morogoro, mwendo unaozidi mara mbili ya huu.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ni sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini ya enzi za Waingereza, waliotaka kuunganisha Cape Town na Kairo, na leo imo katika barabara kuu ya Afrika namba 4, yenye kilomita 10,228. Adui yake tangu zamani ni maji. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, aliyekuwa upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani, yalitoka Arusha yakaiteka Kondoa, kisha masika yakawakatia njia ya chakula nyuma yao. Farasi walikufa kwa mamia, na Dodoma hawakuifikia mpaka mwishoni mwa Julai. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, lakini lami ya upande huu ilizinduliwa 2018: kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani. Miaka 45 ni mingi mno kwa watu wa Kondoa kusubiri.

Arusha hadi Makuyuni hakuna la kukusumbua zaidi ya msongamano wa kutoka mjini. Makuyuni usifuate magari ya watalii yanayokata kulia kwenda Mto wa Mbu, wewe nyoosha. Kuanzia Kwa Kuchinja hadi Minjingu unakatiza njia ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Pundamilia na nyumbu huvuka kwa makundi, kwa hiyo akipita mmoja usikanyage mafuta, wenzake wako nyuma. Usiku sishauri kabisa kupita hapo. Twiga kichwa chake kiko juu ya mwanga wa taa, macho yake hayakurudishii mwanga, unachokiona ni miguu tu, tena ukiwa umeshamkaribia.

Babati jaza mafuta, pima upepo wa tairi na angalia maji ya rejeta. Ya kulia inakwenda Katesh na Singida. Yako inaelekea Bonga. Hapo vinaanza vilima, kupanda hadi Bereko, kisha kona na miteremko kuelekea Kolo. Hiki ndicho kipande kinachowaumbua madereva wa malori. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na usiachie gari gia huru kwa kutaka kuokoa dizeli: gari likishaongeza kasi mzigo unalisukuma, breki zinachemka na kuacha kushika. Ukisikia harufu ya breki, tafuta sehemu tambarare uegeshe nje ya lami, weka kigingi kwenye tairi, ziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, ngoma ya moto hupasuka. Nyota niliyoipunguza kwa malori ni ya hapa: sehemu za kuegesha pembeni ni chache, na lori lililosimama kwenye kona linawalazimisha wengine kuovateki bila kuona mbele.

Ukiwa na nafasi, simama Kolo. Ofisi ya mambo ya kale iko hapo, na ndipo unapopata kibali na mwongozaji wa kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia 2006. Njia ya kwenda mapangoni ni ya vumbi na mawe, halafu kuna kupanda kwa miguu. Mvua ikinyesha, gari la chini liache barabarani.

Kondoa yenyewe inahitaji umakini wa aina nyingine. Ardhi ya vilima vya Warangi iliharibika vibaya kwa mmomonyoko, kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika. Miti imerudi sehemu nyingi, lakini makorongo na mito ya mchanga bado ipo. Mto unaouona mkavu saa nne asubuhi unaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, wewe ukiwa kwenye jua. Maji hayo huja na mchanga na magogo, yanaziba makalavati, na yakikosa pa kupita yanapanda juu ya lami au yanakula kingo zake. Kati ya Desemba na Aprili punguza mwendo kila unapokaribia kalavati. Mchanga mwembamba ulioachwa juu ya lami unatelezesha tairi kuliko maji yenyewe. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara na huoni ukingo, subiri. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Baada ya Kondoa, kupitia Chemba hadi Dodoma, barabara inanyooka na hatari yake ni mwendo. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wa tochi mara nyingi hukaa pale kibao cha 50 kinapoanza, dereva akiwa bado na 90. Mabasi na malori mwisho ni 80 hata porini. Matuta mengine rangi imefutika. Ng'ombe hurudi zizini jioni, na punda wa kubeba maji hawana saa maalumu.

Gari dogo hutumia saa sita hadi saba bila papara. Ondoka Arusha saa 12 alfajiri, vilima vya Bereko uvipite mchana. Anayeendelea kusini, Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 nyingine kupitia Mtera, nazo ni lami. Ajaze mafuta Dodoma kabla ya kutoka.