TAHADHARI: Laptopu za mtumba zinazoganda ukifungua D

Ndugu zangu mnaotafuta laptopu za mtumba Kariakoo, someni hii kabla hamjatoa hela.

Mwezi uliopita nilinunua moja kwa 480,000. Dukani iliwaka haraka, muuzaji akanifungulia video, ikacheza vizuri. Akaniapia kwamba imetumika miezi sita tu huko Dubai. Nyumbani nikahamishia kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski (ya kwanza ndiyo C), mafaili yote ya kikoba chetu, mahesabu ya miaka 3 ya akina mama 22. Siku ya tatu nabofya D: ule mstari wa kijani juu unajivuta, unafika katikati, unasimama. Mshale nao unaganda. Ukitega sikio kwenye kibodi unasikia tik, tik, tik, kama kucha inagonga kigae. Nikizima na kuwasha, C inafanya kazi kama kawaida mpaka niguse D tena.

Nikarudi dukani. "Dada, hivyo ni virusi, tuipige Windows upya." Nikatoa 20,000 nyingine. D ikaganda vilevile! Windows inakaa C, ugonjwa uko kwenye diski yenyewe.

Fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu sana, akachomeka flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Ikatoka rangi ya njano, yaani tahadhari. Mstari wa C5, unaohesabu sehemu za diski zilizogoma kusomeka, unatakiwa uwe sifuri, wangu haukuwa. Saa za kuwaka zilipita 31,000. Miezi sita, hata uiwashe usiku na mchana, haifiki saa 4,400.

Akanionyesha walivyonipata. Diski ni ya TB 1. C wameikata GB 120 tu pale mwanzoni penye uzima, ubovu wote wameusukumia D, wakaifomati kwa njia ya haraka ambayo haikagui chochote. Dukani unajaribu C, unaridhika, unalipa. Naamini walijua. Mtu haikati diski hivyo kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo ukienda, beba flashi yako yenye programu hiyo, na faili kubwa la GB kadhaa. Linakili D, lifungue hapo hapo, ukiwa bado umeshika hela. Muuzaji akikukataza, ondoka. Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilipewa karatasi ya mkono isiyo na hata namba ya mashine, sasa wananiambia hawanijui.

Kama umeshanunua na D imeanza kujivuta, tafadhali usikimbilie chkdsk /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Inaikamua diski nzima kwa saa nyingi, na diski inayokufa inaweza kufia hapo. Nakili vitu vyako kwanza. Yule mzee aliitoa yangu, akaiunganisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta yake, akavuta faili moja moja usiku kucha. Tumepata miaka miwili. Mahesabu ya mwaka wa tatu naandika upya kutoka kwenye vijitabu vya wanachama, nyumba kwa nyumba.