Continuum kwa hai-resi, na feni imezimwa

Continuum, albamu ya John Mayer yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, nimeisikiliza miaka na miaka, kwa tuktuk, kwa simu, kwa kaspika ka Bluetooth pale jikoni, nikawa najua naimaliza yote. Juzi nikanunua faili lake la FLAC, yaani muziki uliobanwa bila kupoteza kitu, tena la hai-resi, vipimo vya juu kuliko CD, biti 24 kilohezi 96, nyimbo 12 na bando karibu giga moja ikaenda, nikangoja usiku mpaka Majengo ikatulia hata bodaboda zikapungua, nikachomeka hedifoni za waya kwa kile kidude cha DAC, kinachogeuza faili kuwa sauti ya hedifoni. Bado kitu kinavuma. Kumbe feni! Nikaizima, na hili joto la kaskazi mwalijua, lakini wallahi sikujuta.

Wimbo wa Gravity unaanza polepole, ngoma za Steve Jordan hazina haraka kabisa, halafu gitaa laingia, kuna noti moja anaivuta inapanda kidogo kidogo mpaka inafika anapotaka, kisha anaiwacha ifife yenyewe, na kabla hajapiga nyingine nasikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Kidole! Miaka yote hiyo sijawahi kukisikia. Na beisi ya Pino Palladino, kwa ile spika ilikuwa dundo tu, sasa naweza kuifuata mwanzo mpaka mwisho nikaiimba peke yake. Ni popu sawa, lakini bluzi yenyewe iko kwa huko kuvuta na kungoja, na mpenzi wa taarabu ataelewa haraka, ni kama mpiga udi akikuachia kimya kidogo halafu ndio arudi.

Sasa ukweli. Nimeilinganisha na CD, ambayo ni biti 16 kilohezi 44.1, na hapo siwezi kuapa nimesikia tofauti, maana sikio la binadamu linaishia kama kilohezi 20 na CD inafika huko. Mbingu na ardhi ni baina ya hedifoni nzuri na kaspika ka jikoni, na tena hii albamu ilirekodiwa vizuri tokea hapo 2006, ndio mwaka uliofuata ikabeba Grammy ya albamu bora ya popu ya kuimba.

Kwa hivyo kama pesa ni za kupanga anza na hedifoni, faili baadaye. Zangu za kwanza niliuziwa mjini naambiwa orijino, wiki ya pili upande wa kushoto kimya. Zijaribu pale pale dukani, na wimbo ambao beisi yake unaijua.