Kalibresheni ya mizani na pipeti Nakuru: kampuni mbili, stika moja ya bure

Maabara yetu ndogo hapa Nakuru inaishi kwa kupima floraidi kwenye maji. Wateja wengi wana visima, na swali lao ni moja: maji yamevuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, au hayajavuka? Huku Bonde la Ufa hakuna anayeuliza kama floraidi ipo. Tazama tu meno ya wazee wetu yalivyobadilika rangi kwa floraidi.

Nimeshatumia kampuni mbili za kalibresheni, yaani za kukagua kama vifaa vya kupimia vinasema kweli. Majina nayaacha.

Fundi wa kampuni ya kwanza alikuwa mwepesi ajabu. Chai haijapoa, tayari stika mpya ziko kwenye mizani, pipeti zote (vifaa vya kunyonya na kupima ujazo mdogo wa kimiminika) na oveni. Cheti kilikuja kizuri, karatasi nzito, muhuri wa rangi, na kila mstari umeandikwa "imefaulu". Namba hakuna hata moja. Nilipopiga simu kuuliza mizani ilikosea kiasi gani, nikajibiwa kwamba imefaulu.

Kampuni ya pili ina ithibati ya KENAS, shirika la Kenya linalothibitisha uwezo wa maabara, kwa mizani, ujazo na joto, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Jioni kabla ya kazi walitutumia ujumbe: tuache mizani ikiwa imewashwa usiku kucha, na maji yaliyosafishwa yalale chumba kimoja nayo ili joto lilingane. Nikajua hawa wanakuja kupima.

Fundi alianza kwa kuuliza, "Dada, hii mizani mara ya mwisho ilirekebishiwa wapi?" Nikamwambia tuliinunua mkono wa pili, ikatoka Kisumu ikiwa imewekwa sawa huko, na hapa imebandikwa stika tu. Akacheka kidogo. Akashika jiwe la gramu 100 kwa kibano, akaliweka katikati, akafunga vioo, tukangoja namba zitulie. Gramu 99.9817.

Jiwe halikuwa na kasoro, na mizani haikuwa mbovu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, na kadiri unavyopanda ndivyo mvutano wa dunia unavyolegea. Mizani ya umeme hupima nguvu inayoikandamiza, kisha inaigeuza kuwa gramu kwa hesabu iliyowekewa pale iliporekebishwa. Ukiihamisha, hesabu ile haikufai tena. Sasa niambie, yule wa kwanza angeweka jiwe lolote juu ya sahani hii, asingeona?

Haki isemwe: pengo hilo halikutudhuru sana. Kutengeneza myeyusho mama wa floraidi, ule mkali tunaoupunguza baadaye, tunapima sodiamu floraidi gramu 2.210 kwa lita, na hapo kosa halifiki hata nusu miligramu. Pipeti ndiyo ilikuwa na maneno. Ile ya mikrolita 1000, tunayochanganyia viwango vya kila siku (miyeyusho yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana, tunayolinganisha nayo sampuli), aliijaribu mara kumi, kila tone likipimwa kwenye mizani, na kikombe cha maji pembeni ndani ya vioo kupunguza uvukizi. Wastani ukawa 985. ISO 8655, kanuni ya kimataifa ya pipeti, inaruhusu pipeti ya ukubwa huo ikosee mikrolita 8 tu. Viwango vyetu vilikuwa hafifu kuliko lebo zake, kwa hiyo sampuli zilisomeka juu kuliko ukweli: kisima cha 1.48 kinatoka 1.50. Kwa mteja aliye palepale mpakani, hiyo ni pesa ya kichujio.

Pipeti nayo ilikuwa na stika.

Cheti chao kinaonyesha namba za kabla ya marekebisho na za baada, pamoja na kiasi cha shaka kwa kila kipimo, yaani namba hiyo inaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani. Za kabla ndizo nilizozihitaji zaidi, maana ndizo zilizotuwezesha kurudia hesabu za wateja wa nyuma. Tarehe ya kalibresheni ijayo hawakuijaza. Waliniuliza mimi nataka muda gani, kwa sababu ISO/IEC 17025, kanuni ya kimataifa ya maabara za upimaji na kalibresheni, haimruhusu mpimaji kuipendekeza kwenye cheti bila makubaliano na mwenye kifaa.

Yasiyonifurahisha yapo. Vyeti vilichelewa hadi nikaanza kuwapigia kama mdai. Oveni waliipima katikati tu kwa nyuzi 105, ilhali sisi tunakausha vichujio kwenye rafu zote; nilipolalamika, wakasema rafu za pembeni zina bei yake. Na cheti cha mita ya pH, ile ya kupima ukali wa asidi, kilikuja bila nembo ya ithibati, kwa kuwa pH haimo kwenye orodha ya vipimo walivyopewa ithibati. Hawakuficha, lakini wangetaja kabla ya kutoza. Ukiwaita, omba ile orodha kwanza, uisome kifaa kwa kifaa.

Bei ni juu kuliko ya yule wa stika, na usafiri unalipiwa kando. Nitawaita tena kwa mizani na pipeti. pH tunajipimia kila asubuhi kwa bafa (miyeyusho ya pH inayojulikana) za 4, 7 na 10, na mteremko wa elektrodi, yaani jinsi kichomeo cha mita kinavyoitikia mabadiliko ya pH, ukishuka chini ya asilimia 95 tunaiosha au tunaibadilisha. Oveni bado natafuta mtu wa rafu zote. Kama unamjua aliye karibu, hata akitoka Eldoret, niandikie.